Kitenzi “get” kinapokukwamisha: dalili, vyanzo na tiba zake

Lubumbashi ni mji wa Kifaransa na Kiswahili, lakini Kiingereza hakijawahi kuwa mbali nao. Reli ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea kusini, kwenye Rhodesia ya Waingereza, na hadi leo mizigo mingi inapita njia hiyohiyo ya kusini: Durban, Beitbridge, Chirundu, Lusaka, kisha Kasumbalesa mpakani mwa Zambia na Kongo, kama kilomita 90 tu kutoka mjini. Mama anayeagiza bidhaa, mwenye lori, deklaranti wa forodha (wakala anayeshughulikia karatasi za mizigo), kijana anayeomba kazi kwenye kampuni ya migodi, wote hukutana na Kiingereza kwenye simu kabla hawajakutana nacho darasani. Na kitenzi kinachowakwamisha kuliko vyote ni kifupi mno: “get”.

Wanafunzi wangu wa jioni huniuliza, “Mwalimu, get ni nini?” Kamusi ya Kifaransa inawajibu kwa mstari mrefu: obtenir, recevoir, devenir, arriver, comprendre. Jibu hilo si la uongo, lakini ndilo linalowapoteza, kwa sababu mtu huchagua la kwanza na kulibandika kila mahali. Mimi nawaelekeza kinyume. Usiiulize “get” maana yake. Tazama neno linaloifuata, kwani hilo ndilo linaloamua kazi yake ndani ya sentensi. Dalili nyingi zilizomo humu zinatibiwa kwa kutazama hapo.

Dalili: unajua kila neno, lakini ujumbe huuelewi

Chukua ujumbe wa namna ambayo madereva wa Zambia huandika:

“I got stopped at the weighbridge. Please get your agent to call me. I'll get going when I get the paper.”

Mama mwenye mzigo anausoma akiwa na tafsiri moja tu kichwani: kupata. Anaelewa kwamba kuna habari ya mizani, kisha anasoma “get your agent” na kuelewa “pata wakala”. Basi anaanza kuulizia wakala upande wa Zambia. Deklaranti wake akipata habari anampigia simu: “Hapana mama, usitafute mtu mwingine. Anaomba uniambie mimi nimpigie.” Saa mbili zimeshapita, na lori bado liko pembeni ya mizani.

Tuipasue sentensi ile. “Got stopped”: baada ya “got” kuna kitenzi cha hali ya kutendwa, kwa hiyo dereva alisimamishwa. “Get your agent to call me”: baada ya “get” kuna mtu, kisha “to”, kisha kitendo. Hapo maana ni mfanye mtu huyo atende, mwambie, mshawishi. “Get going”: kitenzi chenye -ing, maana yake kuanza mwendo. “Get the paper”: nomino peke yake, na hapa ndipo kupata ile ya kawaida inapofaa. Katika “get” nne, moja tu ndiyo kupata.

Angalia sasa Kiswahili kilivyofanya kazi hiyo: simamishwa. Ndani ya neno moja kuna kusimama, kuna -isha ya kusababisha, kuna -wa ya kutendwa. Kiingereza hakina viambishi vya namna hiyo mwishoni mwa kitenzi, kwa hiyo kazi tunayoifanya sisi kwa mkia wa neno, wao huifanya kwa kuweka kitenzi kidogo mbele. Anayezungumza Kiswahili ana nafasi nzuri ya kuielewa “get” kuliko anayeifuata kupitia Kifaransa peke yake, na nasikitika kwamba vitabu vyetu vya shule havimwonyeshi hilo.

Dalili: umesema utatengeneza lori mwenyewe

Unamwandikia mteja “I will repair the truck tomorrow”, na mteja anadhani wewe ni fundi. Ulitaka kusema utalipeleka kwa fundi. Kiingereza kinataka “I will get the truck repaired”. Mpangilio ni “get”, kitu, kisha kitenzi cha kutendwa. Mtendaji hatajwi, kinachojulikana ni kwamba wewe ndiye uliyeagiza.

Kiswahili tunasema “nitalitengenezesha lori” au “nitalipeleka likatengenezwe”, na Kifaransa kina “faire réparer”. Kosa jingine linatokana na Kifaransa chenyewe, kwa sababu tunaiga “faire” na kuandika “I will make repair the truck”. Sentensi hiyo haisimami kwa Kiingereza.

Mahali ambapo mtendaji anatajwa, “to” ni ya lazima: “I got the driver to sign”. Wengi huandika “I got the driver sign”, wakiiga “make” na “let”, ambazo kweli hazitaki “to”. “I made the driver sign” ni sahihi pia, lakini ina nguvu ndani yake, kana kwamba dereva hakutaka. “I got him to sign” ni ya upole zaidi: ulimwomba, mkaelewana, akatia saini. Katika biashara tofauti hiyo ni kubwa. Barua inayosema “we made the customs officer check again” inaweza kusomwa kana kwamba mlimlazimisha afisa wa forodha.

Dalili: unasema una pesa, mwenzako anasubiri

Muuzaji anakuuliza kama pesa iko tayari. Unajibu “I am getting the money”, ukimaanisha unayo mkononi. Yeye anaelewa kwamba bado unaihangaikia, na bidhaa anampa mwingine.

Zitamke sentensi hizi nne moja baada ya nyingine mpaka sikio lizizoee. “I've got the money”: ninayo. “I got the money”: nilipokea, na haisemi kama bado ninayo. “I'm getting the money”: niko mbioni kuipata. “I get the money on Fridays”: huwa napewa kila Ijumaa. Ya kwanza ndiyo inayodanganya, kwa kuwa ina sura ya wakati uliopita lakini inazungumzia sasa. Mantiki yake si ngumu: ukishapata kitu, unacho. Waingereza walianza na “nimepata” wakamalizia na “ninacho”, na ile “have got” ikaganda hapo.

Alama ndogo ya 've ndiyo inayobeba kila kitu, na kwenye simu mtu akisema haraka haisikiki vizuri. Usiposikia, tazama mazungumzo: kama swali lilikuwa la sasa, jibu ni la sasa.

Dalili: “got to” imekuchanganya kabisa

Hii ni ndugu wa iliyotangulia, na ndiyo ninayotumia muda mwingi kuifundisha.

“I got to see the manager” ni nilipata kumwona meneja. Nafasi ilitokea, nikamwona. Kiswahili kinalingana nayo barabara: “hatukupata kuonana” ni “we didn't get to meet”. Hapa kupata yetu na “get” yao zimefanana mpaka mpangilio wa maneno.

“I've got to see the manager” ni kitu kingine: lazima nimwone meneja. Bado sijamwona. Sentensi ya kwanza inasimulia jambo lililokwisha, ya pili inataja jambo linalodai kufanywa.

Shida inakuja pale ambapo watu, hasa katika maongezi, huangusha 've na kusema “I got to go” au “gotta go” wakimaanisha lazima niende. Ukiambiwa hivyo usiulize “ulienda wapi?” Tazama mambo matatu. Kama kuna neno la wakati uliopita, kama “yesterday” au “last week”, basi ni nilipata nafasi. Kama kuna “now”, “tomorrow” au haraka yoyote ndani ya sauti, ni lazima. Na kama ni swali au kukanusha, utata unakwisha wenyewe: “Did you get to see him?” ni ulipata kumwona? “Have you got to see him?” ni je, ni lazima umwone? Wewe mwenyewe unapoandika, usiiangushe 've kamwe, au tumia “I have to” na utulie. Hakuna anayepoteza mzigo kwa kuandika “I have to”.

Dalili: mtoto wako “got a doctor”

Mzazi anajivuna: “My son got a doctor.” Msikilizaji anaelewa kwamba mtoto aliugua, akapata daktari. Ikifuatwa na sifa, “get” ni kuwa, au hasa kugeuka kuwa: “got tired” ni alichoka, “got rich” ni alitajirika, “is getting expensive” ni inazidi kupanda bei. Ikifuatwa na nomino inarudi kwenye kupata. Kwa cheo na kazi tumia “become”: “My son became a doctor.”

Hapohapo kuna kosa la upande wa pili, la kutumia “be” mahali pa “get”. “The road is bad” ni barabara ni mbovu. “The road is getting bad” ni barabara inaharibika. Msimu wa mvua ukianza, mwezi wa 11 hivi, anayekuuliza hali ya njia anataka kujua inaelekea wapi, na jibu la “is bad” halimwambii hilo. Kiswahili tunasema imechoka na inachoka, imeharibika na inaharibika, bila kufikiri. Usikubali kuipoteza tofauti hiyo ukivuka mpaka wa lugha.

Kuoa na kuolewa: “get married” haina upande, mwanamume na mwanamke wote huitumia. Ukimtaja mwenzi ni “get married to”, si “with”. Ile “with” ni “avec” ya Kifaransa.

Dalili: wanasikia “jet” au “gate”

Unasema neno sahihi na bado mtu wa Ndola anakuomba urudie. Chanzo ni Kifaransa cha shuleni, ambamo g ikikaa mbele ya e hulainika, kama katika “général” na “genou”. Kiingereza nacho kina maneno ya namna hiyo: “general”, “gentle”, “gem”, “age”. Yote hayo yaliingia kupitia Kifaransa, hasa baada ya Wanormandi kuitawala Uingereza kuanzia mwaka 1066, na yakabaki na g laini.

“Get” haikupita mlango huo. Ilikuja na watu wa Skandinavia. Mwaka 866 jeshi la Wadani liliuteka mji wa York, na kwa vizazi kadhaa Wadani na Wanorwe waliishi kaskazini na mashariki ya Uingereza, wakilima, wakiuziana na kuoana na wenyeji. Lugha yao, Kinorse cha Kale, ilikuwa na kitenzi “geta”: kupata, kufikia, kuweza. Wenyeji nao walikuwa na ndugu wa kitenzi hicho, lakini aliishi hasa ndani ya maneno yenye kiambishi mbele, kama “begietan”, kupata, na “forgietan”, kusahau, na g yake ilikuwa imelainika ikasikika karibu na y. Kufikia karne ya 13 “get” ya Kinorse, yenye g ngumu, ilikuwa imeshaingia katika maandishi ya Kiingereza, na hata “forgietan” ikaishia kuwa “forget” yenye g ngumu ileile. “Give”, “gift”, “egg” na “anger” nazo zina alama ya watu hao wa kaskazini.

Kwa hiyo tiba ni kuacha Kifaransa kando na kuazima g ya Kiswahili: ile ya gari, gunia, geuka. Anza “geuka”, katiza baada ya “ge”, funga kwa t bila kuongeza irabu. Ukiongeza i mwishoni, au ukivuta e mpaka iwe “ei”, unafika kwenye “gate”, lango, na hilo lina madhara yake migodini na kwenye maghala, ambako karatasi ya kutolea mzigo huitwa “gate pass”. Nimeona imeandikwa “get pass” kwenye barua nyingi. Irekebishe kabla hujatuma.

Dalili: “get to home”, “get down here”

Mahali huja na “to”: “get to Kasumbalesa”, “get to the warehouse”. Lakini “home”, “here” na “there” hazitaki “to”, kwa sababu zenyewe tayari zina maana ya kuelekea, kama nyumbani, hapa na kule ambazo kwetu pia hazihitaji kwa wala katika. Basi: “I'll get home at six”, “when you get there”.

Kupanda na kushuka ndiko kunakoleta kelele. Sisi tunapanda kila kitu na kushuka kila kitu. Kiingereza kinauliza kwanza chombo ni cha namna gani. Gari dogo, teksi, kichwa cha lori, unaingia na kutoka: “get in”, “get out of”. Basi, treni, ndege, meli, ambamo unaweza kusimama na kutembea, ni “get on” na “get off”. Pikipiki na baiskeli pia ni “on” na “off”, maana unakaa juu yake. “Get down” ipo, lakini ni ya kushuka kutoka juu, kama kwenye mti au ngazi, au ni amri ya kuinama. Ukimwambia dereva wa basi Lusaka “I get down here” atakuelewa, na ukisema “I'm getting off here” utasikika kama mwenyeji.

Dalili: mtu anasema “I don't get it” na wewe unamtumia tena faili

Hajasema hakulipata. Amesema hajalielewa. Kama faili halijafika angesema “I didn't get it” au “I haven't got it”. “Don't” ya wakati uliopo, “it” bila jina, na tayari mmekuwa mkijadili jambo: hapo ni kuelewa. “Got it” peke yake ni nimeelewa, au nimepokea, na mara nyingi vyote viwili pamoja.

Sisi nasi kwenye simu tunasema “nakupata” na “nimekupata”, na Mfaransa anasema “j'ai compris”. Wanaisimu wanaufuatilia mzizi wa “geta” nyuma sana, hadi mzizi wa kale uliomaanisha kushika, na mzizi huohuo umo ndani ya Kilatini “prehendere”, kilichozaa Kifaransa “prendre”, na kutoka hapo “comprendre” na “apprendre”. “Get” na “prendre” ni binamu waliotengana zamani mno. Huwa nawaeleza hili wanafunzi waliokata tamaa, na naona wanaiangalia upya.

Dalili: unahitaji kitu uletewe, na “get” imekuja na watu wawili

“Get me a receipt” ni nipatie risiti. “Can I get you some water?” ni nikuletee maji? Mtu, kisha kitu, bila kihusishi kati yao. Ile -ia ya patia ndiyo inayofanya kazi hapa. Usiandike “get to me a receipt”.

Dalili: Mmarekani kaandika “gotten”

Si kosa. “Gotten” ndiyo sura ya zamani zaidi. Waingereza waliohamia Amerika katika karne ya 17 waliondoka nayo, na wenzao waliobaki wakaiacha polepole, ikabaki kwenye maneno machache kama “forgotten” na “ill-gotten”. Zambia na Afrika Kusini hufuata Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo kwa majirani zetu andika “got”. Lakini ukisoma barua ya Mmarekani, shika tofauti hii: “we've gotten the parts” ni tumevipata vipuri, “we've got the parts” ni tunavyo. Kwake ni sentensi mbili tofauti.

Dalili: barua yako rasmi inasikika kama maongezi

“Get” inafaa mdomoni, kwenye simu na kwenye ujumbe mfupi. Kwenye barua kwa benki, mkataba au maombi ya kazi, wenyewe huipunguza na kuchukua maneno yaliyotoka kwenye Kifaransa na Kilatini: “receive”, “obtain”, “arrive”. Msomaji wa Lubumbashi anayajua tayari kwa sababu ya recevoir, obtenir na arriver, na tatizo lake huwa ni la kuyatumia kila mahali, hata akimwambia rafiki “I obtained a cold” badala ya “I got a cold”. Kwenye CV andika “I obtained my licence in 2019”. Ukiingia kwenye mahojiano na mtu akakuuliza hilohilo, sema “I got it in 2019”. Ni lugha ya adabu vilevile, na itasikika kama ya mtu anayekitumia Kiingereza kila siku.